Linawaka, Linazima: Kweli na Uongo Kuhusu Boila Kubwa

Boila letu hapa Leicester limefichwa ndani ya kabati la jikoni, juu ya gunia la mchele. Usiku mmoja wa Novemba nilivuta kiti nikakaa mbele yake na bahasha kuukuu na kalamu. Saa 3 na dakika 4, feni ikavuma, tik-tik-tik, moto ukashika. Dakika ya 6, kimya. Dakika ya 9, feni tena. Hadi saa nzima inaisha lilikuwa limewaka mara 12.

Jumamosi nikaenda na bahasha yangu kwa shemeji, kwenye pilau. Kila aliyeketi pale alikuwa na dawa yake, na kila dawa ilitolewa kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kufungua kabati lake mwenyewe.

"Shemeji, boila likiwa kubwa ndiyo vizuri. Nyumba inapata joto upesi."

Uongo, na ndio uliozaa mengine yote. Joto linaingia chumbani kupitia rejeta za ukutani, nazo zina kiasi chake; ukizipa maji ya moto zaidi ya zinavyoweza kutoa, maji hayo hayana pa kwenda ila kurudi kwenye boila yakiwa bado yanachoma. Boila linaona maji yamefika kikomo, linazima. Maji yanapoa kidogo, linawaka. Ni kama kumchemshia mtu mmoja chai kwenye jiko la harusi: sufuria inafurika, unaitoa, unairudisha, inafurika tena.

Kwa nini basi tunauziwa makubwa? Kwa sababu ya bafu. Boila la kombi, ambalo ndilo lililojaa katika nyumba za Uingereza, linapasha rejeta na pia maji ya bomba papo hapo bila tangi. Kutoa lita 12 za maji kwa dakika kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 45 kunahitaji kilowati 29 hivi. Nyumba yetu, iliyobanwa na majirani kushoto na kulia, nimeikadiria inapoteza kilowati 5 siku nje kukiwa nyuzi 2 chini ya sifuri na ndani 20. Siku ya kawaida ya Novemba, nje nyuzi 9, tofauti ya joto ni nusu ya ile, kwa hiyo na hasara ni nusu: kilowati 2.5. Mtu ananunua kwa ajili ya dakika kumi za kuoga, halafu anaishi na chombo hicho saa zote zilizobaki.

Boila la kisasa linaweza kujipunguza, lakini lina sakafu yake. Letu haliwezi kushuka chini ya kilowati 7. Hapo ndipo penye ugonjwa. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kava hainisumbui. Inayonisumbua ni ile ndogo, iliyofichwa kwenye kurasa za nyuma za kitabu chake, na ambayo muuzaji haitaji usipomuuliza.

"Si linazima muda mwingi? Basi unaokoa gesi."

Uongo. Kabla ya kila moto, feni inapuliza hewa kusafisha chumba cha kuchomea, na hewa hiyo inatoka nje na joto lililobaki ndani. Kisha kuna cheche, vali ya gesi, swichi, vyote vina idadi ya kazi vinayoweza kufanya kabla ya kuchoka. Ila tusitiane hofu: gesi inayopotea hivi haitoshi kukufanya ung'oe boila zima leo hii. Anayekuambia hivyo huenda ana la kukuuzia.

"Likiwaka na kuzima namna hiyo, ujue ni kubwa mno."

Nusu kweli. Inawezekana chujio limejaa matope ya kutu, pampu imechoka, au hewa imenasa juu ya rejeta. Dalili moja ya kuangalia: bomba linalotoka linapanda moto upesi huku linalorudi limebaki baridi. Hapo shuku mzunguko wa maji kabla ya kushuku ukubwa. Na kama boila linajiwasha kidogo hata Julai, wakati hakuna aliyegusa bomba, pengine limewekwa liyatunze maji ya moto tayari. Hiyo si ajali, ni mpangilio, na kwenye maboila mengi unazimwa kwa kitufe.

"Funga rejeta za vyumba msivyolala."

Ni kweli, ushauri mzuri, na ndio ulioniponza. Nilikuwa nimefunga zote isipokuwa sebuleni na chumba kimoja. Maji yaliyobaki kwenye mzunguko nakadiria hayakuzidi lita 20, na rejeta zile mbili zilikuwa zikitoa kilowati moja tu. Boila linasukuma 7, kwa hiyo 6 zinabaki kuyachemsha maji. Kwa hesabu hiyo maji yanapanda nyuzi 10 ndani ya dakika 2 na ushei. Tazama tena bahasha. Kubana matumizi kupita kiasi kulilinyima boila mahali pa kumwaga joto. Sasa rejeta za ukumbi na korido ya juu haziguswi, zinabaki wazi hata kama hapapiti mtu.

"Ukishusha joto la maji mtaganda."

Uongo kwa nyumba nyingi. Letu lilitoka kwa fundi likiwa kwenye nyuzi 75. Nimelishusha hadi 60. Boila la kisasa limetengenezwa kunasa hata joto lililo ndani ya mvuke wa moshi, lakini mvuke hauanzi kugeuka maji mpaka maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi, na kadiri yanavyozidi kupoa ndivyo faida inavyoongezeka. Nyumba inachelewa kidogo kupata joto asubuhi, basi.

Kuna jambo ambalo washauri wengi wanaliruka: maji yakiwa baridi zaidi, rejeta nazo zinatoa joto pungufu, kwa hiyo boila lenye sakafu ya juu linaweza kuendelea kuwaka na kuzima vilevile, hata kuzidi. Gesi unaokoa, kelele hazikomi. Na wenye boila la zamani la chuma wasiige: moshi ukigeuka maji ndani yake, maji hayo yana tindikali na yanalila. Mwenye tangi la maji ya kuoga alitunze kwenye nyuzi 60, kwa sababu ya bakteria wa Legionella.

"Nunua themostati ya simu."

Inaweza kulishusha boila hadi sakafu yake kwa utaratibu, kama vinaelewana lugha. Kuivunja sakafu, haiwezi.

"Dawa ni boila jipya."

Mara nyingi si kweli, walau si kwanza. Kuna mipangilio ya ndani: muda wa kusubiri kabla ya kuwaka tena, na kikomo cha nguvu ya kupashia rejeta, ambacho hakigusi maji ya bafu. Kikomo hakishushi ile sakafu, ila kinazuia boila kuanza kwa kishindo na kupitiliza. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe. Hapa Uingereza fundi wa gesi asiye kwenye daftari hilo anavunja sheria, hata akiwa binamu yako.

Baada ya hapo kuna tangi la akiba, linaloongeza maji kwenye mzunguko. Kwetu, kilowati 4.5 za ziada kwa dakika 10, maji yakipanda nyuzi 10, zinahitaji lita 65. Nimepima kabati. Itabidi gunia la mchele lihame, na mama watoto hajakubali.

Kwa sasa nimefungua rejeta, na fundi ameongeza muda wa kusubiri. Juzi nilikaa tena na bahasha mpya, saa 3 hadi saa 4 usiku. Mistari 5.