Dalali wa Viwanja na Cheti Asichoulizwa

Mpimaji wa ardhi hawezi kusimika jiwe la mpaka mjini Bariadi pasipo idhini ya sheria. Mthamini hana ruhusa ya kutaja bei ya nyumba kwa kazi ya serikali au ya benki ikiwa jina lake halimo katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mpanga miji naye hudaiwa usajili tangu sheria ya mwaka 2007. Watu hao watatu huja, hufanya kazi yao, kisha huenda zao. Yuko wa nne, ambaye husimama katikati ya mwenye kiwanja na mwenye fedha, akachukua maneno ya huyu na noti za yule. Huyo ni dalali, na ndiye pekee asiyeulizwa kazi yake alijifunzia wapi.

Hatusemi kwamba dalali hadaiwi karatasi yoyote. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 yamtaka awe na leseni. Mamlaka ya Mapato yamtaka awe na namba ya mlipa kodi. Na akitumia jina la biashara lisilo lake mwenyewe, yampasa kulisajili BRELA. Lakini hayo ndiyo anayodaiwa hata muuza kanga. Hakuna mahali ambapo mtu wa serikali humkazia macho na kumwuliza: Je, wajua tofauti ya ardhi ya kijiji na ardhi ya mjini? Fedha ya mteja waiweka wapi kabla mauzo hayajatimia?

Na katika mkoa wa Simiyu maswali hayo si ya mchezo. Mkoa huu ulizaliwa mwezi Machi 2012, ukimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikafanywa makao makuu. Zikaja ofisi, na nyuma ya ofisi wakaja makarani, waalimu na wauguzi, na kila mmoja alitafuta chumba cha kupanga, kisha kiwanja cha kujenga. Barabara ya kwenda Lamadi ikatiwa lami. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yakafanyika Nyakabindi kuanzia mwaka 2018 hata 2020. Pale palipokuwa pamba jana, leo pana vigingi.

Sasa tumfikirie mkulima mwenye ekari zake chache kandokando ya mji. Anajiwa na kijana mwenye pikipiki na simu mbili, anaambiwa, "Mzee wangu, mji unakuja, uza mapema kabla hujanyang'anywa." Mzee anauza kwa hofu. Hakuambiwa kwamba Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka mtu atwaliwapo ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Upande wa pili yuko mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wa miaka mitano. Anapewa karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti, naye anaamini ameshika hati. Mhuri ule ni ushahidi tu kwamba watu wawili walipatana. Haki ya kumiliki hautoi. Ikiwa eneo ni la kijiji, Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ikiwa ni la mjini, mambo ni ya Kamishna wa Ardhi. Mpaka wa mji wenyewe unasogea, na dalali ama haujui, ama anajifanya haujui. Wanunuzi wa kiwanja kimoja wakitokea watatu, wote watatu huishia katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, naye dalali simu zake zote mbili hazipatikani.

Wazee wa Usukuma walikuwa na mwanangwa, ambaye alijua kila shamba na mwenyewe, na mgeni alionyeshwa mahali pa kulima mbele ya macho ya majirani. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika akipinga ardhi kufanywa bidhaa ya sokoni, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi usio na kikomo ulifutwa kwa sheria. Hata leo ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Basi dalali asemapo "nakuuzia ardhi" amekwisha kukosea katika neno la kwanza: kinachohamishwa ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake.

Mwezi Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kumi na tano, na udalali wa biashara na wa mali zisizohamishika umo. Twaiunga mkono. Ila amri ile ilieleza nani asifanye kazi hii. Haikueleza anayeifanya awe mtu wa namna gani. Aliyetapeliwa na mzawa mwenzake hapati nafuu kwa sababu hiyo. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya mawakala wa majengo na ardhi mwaka 1984, wakaunda bodi ya kuwasajili, na afanyaye kazi hiyo bila usajili atenda kosa. Kweli, wako wengi huko wanaoendelea pembeni, maana sheria isiyo na msimamizi ni kama ng'ombe asiye na mchungaji. Lakini mnunuzi wa kule anayo daftari ya kuitazama.

Tutaambiwa kwamba udalali ni riziki ya vijana wasio na ajira. Tunakubali, na kwa hiyo hatutaki cheti hicho kiwe cha wenye digrii peke yao. Mafunzo ya majuma machache kwa Kiswahili, mtihani juu ya sheria hizo mbili za mwaka 1999, wadhamini wawili wanaojulikana, na ahadi ya maandishi ya kutokula upande wa muuzaji na wa mnunuzi kwa siri: kijana mwaminifu wa Somanda hashindwi na hayo.

Wakati Bunge likisubiriwa, Halmashauri ya Mji wa Bariadi yaweza kuanza na daftari moja katika ofisi ya ardhi, lenye jina la kila dalali, picha yake, namba ya leseni yake na viwanja anavyovinadi, liwekwe mezani mahali ambapo mwalimu au mkulima yeyote anaweza kulifunua bila kulipa.