Mafunjo, Mikoko ya Ziwa Letu

Dada zetu wa Pwani, kule Rufiji, Mafia na Pemba, wanayo mikoko. Wanajua kwamba kamba na samaki wachanga hujificha katika mizizi yake, na kwamba penye mikoko bahari haili nchi upesi. Sisi wa Bukoba na Muleba hatuna mikoko, kwa kuwa mmea huo ni wa maji ya chumvi. Lakini Mungu hakutuacha mikono mitupu. Tunayo mafunjo.

Ufuko wetu kwa sehemu kubwa ni wa miamba. Tazama tu Kisiwa cha Musira ukiwa Bukoba mjini. Ndiyo maana mafunjo hukaa mahali pachache: katika ghuba tulivu, kwenye midomo ya mito na katika mabonde ya chepechepe. Hukua kufikia mita nne au tano, na mizizi yake husukana kama mkeka mnene unaoweza kuelea juu ya maji. Maji ya mvua, nayo mvua si haba kwetu, huteremka kutoka vibanjani na mitaani yakiwa na udongo, samadi na uchafu. Yakifika penye mafunjo hupunguza mwendo, udongo hutua, na mimea hunyonya sehemu ya ile rutuba ikawa chakula chake. Mafunjo yakiondolewa yote, tope huingia moja kwa moja katika ziwa lile lile tunalochota maji ya kupikia.

Mama yake Musa aliyafahamu majani haya ya ukingoni. Alipoona hawezi kumficha mwanawe tena, alimtengenezea kisafina, akakiweka katikati ya majani mtoni. Alijua mahali pa kumfichia mtoto. Samaki nao wanapajua.

Mama sato hubeba mayai yake kinywani. Yakianguliwa, huendelea kuwabeba watoto humo humo mpaka wapate nguvu, na siku hizo zote hali kitu, au hula kidogo sana. Akina mama tuliolima huku tunanyonyesha tutamwelewa. Wakati wa kuwatoa ukifika, hawapeleki katikati ya ziwa bali kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kamongo ni tofauti: kwake dume ndiye hukaa kulinda shimo la mayai na watoto. Waume zetu wasomewe sentensi hiyo mara mbili.

Kisha kuna furu, wale samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku cha wazazi wetu. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Inakadiriwa kuwa aina zaidi ya 200 za furu zilitoweka, ingawa sangara hakuwa sababu pekee. Baadhi ya furu waliosalia walijificha kwenye mafunjo. Ndani ya mafunjo hewa katika maji ni haba. Furu hustahimili, lakini sangara, pamoja na ukubwa wake wote, hawezi kuwafuata.

Lakini mbu je?

Hili ndilo akina mama hutuuliza kwanza, na wana haki, maana Muleba inaijua malaria. Wengi wetu tumeamini kwamba kukata mafunjo ni kufukuza mbu. Watafiti waliopima mabonde ya Kabale, nchi jirani ya Uganda, wakatoa matokeo yao mwaka 2000, walikuta kinyume chake. Vijiji vilivyopakana na mabonde yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vile vilivyopakana na mafunjo, na joto la usiku lilipozidi, mbu wa malaria nao walizidi majumbani. Mbu huyo hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, na mitaro yetu ya kulimia humpa hivyo hivyo. Chandarua bado ni lazima kwa kila mtoto, mafunjo yawepo au yasiwepo.

Tena tusiyachanganye na gugu maji. Lile ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lilionekana upande wetu wa ziwa karibu na mwaka 1990, na mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 katika ziwa zima, kabla ya kupunguzwa kwa msaada wa wadudu wanaolila. Mafunjo ni wenyeji.

Sasa tukiri makosa yetu. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba, ukaenea, na vibanja vingi vikakosa ndizi. Macho yetu yakageukia bondeni. Kiangazi tulikata mafunjo, tukachoma, tukachimba mitaro, tukapanda maharage na viazi vitamu. Msimu wa kwanza tulicheka, kwa kuwa udongo ule mweusi ulikuwa na rutuba ya miaka mingi. Msimu wa pili mavuno yalipungua. Wa tatu udongo ulikuwa umekauka na kunywea, na chemchemi ya pembeni ikawa inatoa maji kidogo kidogo, hata tukaanza kuwaamsha watoto saa kumi alfajiri wakapange ndoo.

Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu, au zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni sheria nzuri. Lakini tusidanganyane: mama huingia bondeni kwa sababu huko hakuna anayemwuliza. Kibanja ni cha ukoo, kahawa ni ya baba, ila maharage ya bondeni ni ya mama, na ndiyo yanayonunua madaftari. Anayekuja kumwambia aondoke bila kuuliza madaftari yatanunuliwa na nini, hajamaliza mazungumzo.

Kwetu mazungumzo yalianzia mezani. Baba mmoja alikubali kutoa kona ya kibanja iwe bustani ya mboga ya mkewe, na fedha yake iwe ya mkewe. Wengine wawili wakafuata, wa nne bado anafikiri. Bondeni tuliacha ukanda wote wa ukingoni bila kuugusa jembe. Tunakata mabua yaliyokomaa tu kwa ajili ya mikeka, sehemu moja kwa zamu, tukiacha mizizi, na pale tulipokata haturudi mpaka mabua yakomae tena. Moto hatuwashi.

Chemchemi bado haijawa kama zamani. Ila mafunjo yamerudi mpaka mtaro wa tatu, na juzi mtoto mmoja alikuja nyumbani na furu wawili katika kopo la maziwa, akauliza wanakula nini.