Je, Wajua? Barafu Hung'aa Kuliko Bahari

Je, wajua kwamba kuna chombo ambacho huiona barafu ya bahari kuwa na joto kuliko maji yanayoizunguka? Ni rediometa ya maikrowevu, inayobebwa na setilaiti. Haitumi mawimbi yoyote. Hupokea tu yale hafifu yanayotoka katika kila kitu, hata barafu. Barafu changa hutoa takribani asilimia 90 ya mawimbi ambayo joto lake linaruhusu. Maji hutoa karibu nusu tu, kwa kuwa uso wake huakisi anga lenye baridi kali. Ndiyo maana mpaka kati ya barafu na maji hujitokeza hata mawingu yakitanda, hata katika usiku mrefu wa majira ya baridi ya Antaktika.

Je, wajua kwamba hivyo ndivyo lilivyogunduliwa tundu lililozidi Uganda kwa ukubwa? Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-5 mnamo Desemba 1972. Majira ya baridi ya 1974, rediometa yake ilionyesha kilomita za mraba zipatazo 250,000 za maji matupu katikati ya barafu ya Bahari ya Weddell, Antaktika. Maji ya chumvi yenye uvuguvugu yalikuwa yakipanda kutoka kilindini. Tundu lilirudi 1975 na 1976, kisha halikuonekana tena kwa ukubwa ule. Bila chombo hicho, nani angelijua? Meli hazikuwa huko.

Kinachowasumbua wabunifu wa rediometa hizi ni antena. Ili kupima joto la uso wa bahari kupitia mawingu, hasa maji ya baridi, yanahitajika masafa ya chini, karibu gigahezi 6.9. Lakini masafa yakishuka, mawimbi hurefuka, na antena isipokuzwa, picha hufifia. Rediometa ya AMSR2 ya Japani, iliyorushwa Mei 2012, ina dishi la mita 2 linalozunguka mara 40 kwa dakika. Katika masafa hayo, doa lake moja, yaani eneo inalolipima kwa mara moja, hufunika kilomita 35 kwa 62. Karibu na ufuko, doa hilo huchanganya bahari na nchi kavu. Ulaya sasa inaunda rediometa ya CIMR, yenye dishi la wavu la mita zipatazo 8, linalorushwa likiwa limekunjwa kama mwavuli, ili doa lipungue hadi kilomita 15 hivi.

Dishi kubwa pekee halitoshi: kuna pia kelele za mitambo ya ardhini. Masafa ya gigahezi 1.4 yanalindwa kimataifa, lakini setilaiti ya SMOS ya Ulaya, iliyorushwa 2009 kupima chumvi ya bahari, ilikuta mitambo mingi ya ardhini ikiyavamia, ikabidi mamlaka za nchi husika ziombwe kuizima. Gigahezi 6.9 haina hata ulinzi huo. Kwa hiyo CIMR itabeba kichakataji chake cha kutambua kelele hizo na kuziondoa ikiwa angani.