Wazimamoto: Wanyonya Damu wa Ziwa Victoria Kabla ya Muvi

Wasee wa Sio Port, kabla hamjasaka wanyonya damu kwa muvi, ulizeni wazee. Enzi za mkoloni, kutoka Kampala hadi Siaya hapo jirani, watu waliogopa wazimamoto: majamaa wa gari la serikali waliosemekana kudaka watu usiku na kuwafyonza damu.

Uzushi? Eeh, lakini cheki historia. Kuanzia 1900 malale iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda, na daktari mzungu alikuja na sindano, akatoa damu, akaenda nayo. Ungemwamini?

Luise White alirekodi stori hizo Siaya na Uganda, akatoa kitabu mwaka 2000. Hakusaka meno, alitaka kujua watu walikuwa wanasema nini kuhusu mkoloni. Riwaya ya Kiswahili ya wazimamoto ingemweka Dracula benchi.