Kumlisha Mbwa wa Boma: Nyama Mbichi na Nguvu za Miguu

Ndugu mfugaji, leo tuzungumze habari za mbwa. Najua wapo watakaocheka. Tumezoea kusikia habari za ng'ombe wa maziwa, samadi na mbegu za mahindi, na mbwa tunamwacha ajitafutie. Lakini hapa Maretadu, na katika vijiji vya Dongobesh na Haydom, fisi akija usiku anayemsikia kwanza si wewe. Mbwa akilemaa mguu, zizi la kondoo linabaki na mlango tu.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: Je, ni kweli kwamba nyama mbichi humtia mbwa nguvu za miguu na kuvifanya viungo vyake viwe imara? Wengine huongeza kwamba nyama mbichi humfanya awe mkali. Basi siku ya kuchinja, ini lenye kasoro, mapafu na vichwa vya kondoo hutupwa nje ya ua, na mbwa wanashiba.

Wanaosema hivyo hawakuanza wao. Mbwa ni ndugu ya mbwa mwitu, na meno yake ni ya kurarua nyama. Huko Australia daktari wa mifugo mmoja, Ian Billinghurst, alitoa kitabu mwaka 1993 akiwahimiza watu wawape mbwa nyama mbichi na mifupa mibichi badala ya chakula cha kopo. Tangu hapo mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, hasa kwa watu wa mijini wenye mbwa wadogo wa kulala sebuleni, na mojawapo ya madai yao ni kwamba viungo vya mbwa hupona. Lakini hakuna utafiti ulioonyesha wazi kwamba ubichi wa nyama ndio unaoponya viungo. Mbwa wadogo wa kigeni wengi wao huugua goti, kile kifuniko cha goti huteleza kando na mbwa akaruka kwa miguu mitatu. Mara nyingi hilo ni umbile la kuzaliwa nalo, na chakula hakilirudishi goti mahali pake.

Jambo lililothibitishwa ni jingine kabisa. Huko Marekani walichukuliwa mbwa 48 wa aina ya Labrador, ndugu kwa ndugu, wawili wawili. Wote walikula chakula kile kile, ila mmoja katika kila jozi alipewa pungufu kwa robo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Wale waliopunjwa waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Unaona? Kilicholinda viungo ni uzito mdogo.

Sasa basi, mbwa wetu wa kienyeji ni mdogo, mwepesi, na unene si tatizo lake. Mpapase ubavuni: mbavu zikisikika kwa mkono bila kubonyeza sana, na ukimtazama kwa juu ana kiuno, huyo yuko sawa. Akichechemea, kabla ya kufikiria chakula mwinue mguu utazame kati ya vidole. Mara nyingi utakuta mwiba, kupe au funza, na dawa yake ni pini safi na mkono mwepesi.

Mbwa wetu anayeharibika miguu kwa sababu ya chakula ni yule mtoto. Mifupa inayokua inahitaji chokaa, yaani kalsiamu, pamoja na madini mengine yaitwayo fosforasi, na kalsiamu lazima izidi kidogo. Mahindi yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Nyama tupu nayo ni hivyo hivyo, iwe mbichi au imepikwa. Mtoto wa mbwa aliyelelewa kwa ugali mtupu, au kwa ugali na minofu, mwili wake hulazimika kuiba chokaa kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu inapinda kama matege ya mtoto wa binadamu, anatembea kama anayekanyaga makaa, na akiruka ukuta mfupa unavunjika. Anayemlisha mbwa huyu minofu mibichi ili miguu ipone anazidi kumwumiza.

Dawa yake iko jikoni. Chukua dagaa wakavu, watwange pamoja na vichwa na miiba yao, uchanganye katika uji au ugali laini. Maziwa mgando ni mazuri sana. Maganda ya mayai yaoshe, yakaange mpaka yakauke, uyasage yawe unga. Nusu kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mtoto wa mbwa wa kilo tano asiyepata dagaa wala maziwa. Usimwage zaidi ukidhani atakuwa simba, maana chokaa ikizidi nayo inaharibu mifupa. Mbwa mkubwa anaridhika na ugali, mchuzi, mboga kidogo, na nyama au matumbo yaliyochemshwa.

Na mfupa je? Mfupa mkubwa wa goti la ng'ombe, wenye gegedu, mbwa anaweza kuguguna, na meno yake yatasafika. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka kama vijiti vya miiba na kumchoma koo na utumbo.

Tuje sasa kwenye lile ini lililotupwa nje ya ua, maana hapo ndipo penye hatari, na hatari yenyewe ni ya mtoto wako kuliko ya mbwa.

Ukichinja kondoo, mbuzi au ng'ombe, wakati mwingine unakuta kwenye ini au mapafu kifuko cheupe kilichojaa maji, kama punje ya maharage au kama yai, na pengine kikubwa zaidi. Mchinjaji hukikata na kukitupa, na mbwa hukidaka kabla hakijafika chini. Ndani ya kifuko kile mna mbegu za mnyoo, tegu mdogo mno wa mbwa, ambaye akikua hafiki hata urefu wa punje ya mchele. Mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu yao, na usimwone amekonda wala kuharisha. Baada ya wiki sita au saba tegu wale huanza kutoa mayai, na mayai hutoka na kinyesi.

Kinyesi kinakauka, mvua inakisambaza kwenye majani, na kondoo anakula. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, mbwa amejiramba nyuma, kisha akajiramba manyoya, na mtoto anamkumbatia na baadaye anashika kiporo chake bila kunawa. Yai likishaingia tumboni mwa mtu linapasuka, na mnyoo mchanga hupita katika damu mpaka kwenye ini, au mapafu, au mara chache ubongo. Hapo hujenga kifuko kama kile cha kondoo. Kinakua polepole, mwaka baada ya mwaka. Mtoto aliyekula yai hilo akiwa na miaka minne huenda asijue lolote mpaka awe mtu mzima, tumbo linapoanza kuvimba upande wa kulia. Mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji, na upasuaji wenyewe ni wa hadhari, kwa sababu kifuko kikipasuka ndani, maji yake yanaweza kumwangusha mgonjwa papo hapo na kupanda vifuko vingine.

Mayai hayo hufa haraka penye jua kali na ukavu. Lakini huku kwetu juu kuna baridi na ukungu, na udongo wenye unyevu huyahifadhi kwa miezi mingi.

Kuna ndugu yake tegu huyo ambaye mnamfahamu kwa kazi yake. Kondoo au mbuzi anaanza kuzunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, anagonga miti, anaachwa nyuma na wenzake. Wafugaji wa Kimaasai huuita ugonjwa huo ormilo, nasi husema kizunguzungu. Ukipasua fuvu unakuta kifuko cha maji kinasukuma ubongo. Mtu anasikitika, anachinja, anakula nyama, na kichwa anamrushia mbwa. Hapo amekwisha panda kizunguzungu cha mwaka ujao, na kwa mkono wake.

Msichanganye mambo haya na yale ya nguruwe. Tegu wa nguruwe mnamsikia sana hapa Mbulu, na kwa haki: watafiti walipokagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hii, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba nguruwe 17 hivi katika kila 100 walikuwa na vifuko. Mayai ya tegu yule hutoka kwa binadamu, na kinga yake kubwa ni choo na kufungia nguruwe. Huyu wa leo mayai yake hutoka kwa mbwa. Choo kizuri hakimzuii hata kidogo.

Ugonjwa huu si mgeni Afrika Mashariki. Kule Turkana, Kenya, watu huishi na mbwa kwa karibu sana, na wagonjwa waliopatikana huko walikuwa miongoni mwa wengi kabisa waliowahi kuhesabiwa duniani. Shirika la AMREF lilianza kazi maalumu ya kupambana nao mwaka 1983. Lakini mfano ninaoupenda mimi unatoka mbali, kisiwa cha Aisilandi, penye baridi na kondoo kama kwetu. Mwaka 1863 alifika huko mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, akapasua mbwa 100 na kuwakuta 28 wana tegu huyu. Mwaka uliofuata kikatolewa kijitabu kidogo kikapelekwa kila nyumba, kikieleza kwa lugha ya watu wenyewe kwamba vifuko visipewe mbwa. Dawa nzuri ya tegu hawakuwa nayo. Walichimba mashimo, wakachoma, wakawafungia mbwa. Wakulima wale walisoma na kuelewana, na ugonjwa ukapungua mpaka leo kisiwa hicho hakina tena.

Kwa hiyo siku ya kuchinja, iwe harusi, msiba au mgeni tu amefika, mbwa wafungwe kabla kisu hakijatoka. Nasema kabla. Akiwa huru wakati tumbo linafunguliwa hutamweza. Mpeni kijana mmoja kazi hiyo na isiwe ya kila mtu, maana kazi ya kila mtu haina mwenyewe. Ini, mapafu, wengu na kichwa vitazamwe penye mwanga. Penye kifuko, kisipasuliwe kwa kisu. Kitupwe pamoja na sehemu yake katika shimo la kina cha mita moja, kifukiwe, na juu yake pawekwe mawe, kwani mbwa na fisi hufukua. Kama una kuni za kutosha, kichome. Kama unataka sana mbwa ale mapafu yale, yakate vipande, uyachemshe kwa nguvu nusu saa nzima au zaidi. Kuyababua juu ya moto hakutoshi.

Kondo la nyuma na ndama aliyetupwa navyo visiguswe na mbwa wala mikono mitupu. Ugonjwa wa kutupa mimba hupita humo, nao ukimpata mtu humletea homa ya kuja na kwenda na maumivu makali ya viungo. Kuna watu wanatibiwa baridi yabisi miaka nenda miaka rudi kumbe chanzo ni zizi. Ukiwa na homa ya namna hiyo, au uvimbe tumboni, mwambie daktari wazi kwamba unafuga na una mbwa.

Dawa ya tegu wa mbwa inaitwa prazikuanteli. Aivamektini ya ng'ombe haimuui tegu huyu, hata uchome mara kumi. Kipimo cha prazikuanteli ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 anahitaji miligramu 50. Kumpima ni rahisi: panda mizani ya kupimia mahindi ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Kidonge kifiche ndani ya tonge la ugali wenye mchuzi, ukae hapo mpaka uone amemeza. Bwana mifugo wa kata atakuonyesha dawa halisi. Na kwa kuwa tegu huanza kutaga baada ya wiki sita, penye vifuko vingi dozi irudiwe kila wiki sita.

Dawa inaua tegu, mayai haiyaui. Siku ya kumpa mbwa dawa na siku mbili zinazofuata mfunge mahali pamoja, mbali na kisima na bustani ya mboga, na kinyesi chote kiokotwe kwa koleo kichomwe au kifukiwe. Majirani wenye mbwa wakitoa dawa siku moja nanyi ndipo itakapofaa, kwa sababu mbwa wa jirani hajui mpaka wa shamba lako.