Ngao ya Mbele ya Gari Humlinda Nani?

Simama kando ya barabara ya Dodoma–Arusha au ya Nairobi–Namanga, na muda si mrefu utaliona: gari la juu lenye ngao ya chuma mbele, mabomba mazito yaliyochomelewa, taa za ziada juu yake, na pengine winchi katikati. Mwenye gari anaamini amenunua usalama, na kwa kiasi fulani hajakosea, maana ngao hiyo huokoa radieta, taa na boneti. Lakini kuliokoa gari ni jambo moja, na kumwokoa mtu ni jambo jingine. Chuma kinacholikinga gari kinaweza kumvunja aliye nje na kumwongezea hatari aliye ndani. Kabla hujamlipa fundi, inafaa ujue nguvu ya mgongano inakwenda wapi.

Nianze na haki ya ngao. Gari la porini linaihitaji kwa sababu za kweli. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama huivuka usiku na mchana. Ukigonga mnyama mkubwa, radieta ikatoboka, safari imeishia hapo, tena mahali ambapo si salama kushuka garini. Bampa la porini huwa fupi kwa chini na pembeni, hivyo gari hupanda kingo za korongo bila kukwaruza. Winchi nayo lazima ifungwe mahali imara palipoungana na chasisi. Mfugaji, askari wa wanyamapori au dereva wa watalii akiniambia anahitaji ngao, simbishii.

Shida ni kwamba uimara ule unaosifiwa gereji ndio ambao wahandisi wa magari wametumia zaidi ya miaka 70 kuupunguza mahali panapostahili. Mwaka 1951 mhandisi wa Mercedes-Benz, Béla Barényi, aliombea hataza wazo ambalo wakati huo lilishangaza: chumba cha abiria kiwe kigumu, lakini pua na mkia wa gari vikubali kukunjika. Gari likikunjika mbele, linasimama polepole kidogo, na huo upole ndio unaookoa mwili wa binadamu.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, na pua yake ikakunjika nusu mita kabla ya kusimama, abiria aliyefunga mkanda anakabiliwa kwa wastani na nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni sawa na kubanwa na uzito wa tani 1.4. Sasa funga chuma kigumu kinachozuia pua isikunjike zaidi ya robo mita. Nguvu inakuwa maradufu: mara 40 ya uzito wake, karibu tani 2.8. Gari litatoka na mikunjo michache, na watu watalisifu kwamba ni chuma kweli, lakini kifua na shingo ya dereva ndivyo vilivyobeba tofauti hiyo.

Kuna pia suala la mifuko ya hewa. Sensa za gari hupima jinsi mwendo unavyoshuka ghafla, na kompyuta huamua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla hata hujapepesa jicho, kama mifuko ifyatuke au isifyatuke. Uamuzi huo umepangwa kufuatana na bampa la kiwandani na namna linavyokunjika. Ngao iliyobuniwa kwa kukisia inaweza kufanya mfuko uchelewe kwenye ajali kubwa, au ufyatuke kwa mgongano mdogo usiostahili. Magari mapya zaidi yana pia rada mbele, inayosaidia breki za dharura. Ukiifunika rada kwa bomba la chuma, umeyapofusha macho ya gari lako.

Hayo ni ya aliye ndani. Wa nje ana mzigo mzito zaidi. Bampa la kawaida humpiga mtu mzima mguuni, kisha mwili wake huangukia boneti, ambayo ni bati jepesi lenye nafasi chini yake kabla ya kufikia injini. Bati hilo hubonyea na kupokea sehemu ya pigo. Ngao ndefu ya mabomba hubadilisha mambo yote. Humpata mtu mzima pajani na kwenye nyonga, na mtoto wa shule humpata kifuani au kichwani. Bomba halibonyei. Nguvu yote hukusanyika kwenye upana wa sentimita chache, na katika mwendo ambao mtu angevunjika mguu na kupona, anaweza kupoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wanaopanda pikipiki. Hao ndio wanaokutana na ngao zetu.

Nchi mbalimbali zimelijibu swali hili kwa njia tofauti. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2005 agizo kwamba ngao za magari madogo zipimwe kabla ya kuuzwa. Kipimo kimoja hurusha kichwa bandia cha mtoto, chenye kilo 3.5, dhidi ya ngao kwa kilomita 35 kwa saa, na jeraha linalokadiriwa lisizidi kiwango kilichowekwa. Uzito wa ngao pamoja na vifungio vyake nao ukawekewa kikomo: asilimia 1.2 ya uzito wa gari, na kwa vyovyote usizidi kilo 18. Ngao ya chuma kamili iliyozoeleka kwetu mara nyingi huwa na kilo 50 au zaidi, kwa hiyo isingefika hata kwenye mlango wa maabara.

Australia ilikwenda njia nyingine. Kule kangaruu huruka barabarani gizani na miji iko mbali, kwa hiyo ngao hazikupigwa marufuku, zikawekewa masharti. Kiwango chao cha mwaka 2002 kinataka ngao ifuate umbo la pua ya gari, isielekee mbele, isiwe na kona kali. Na kwa magari yanayotakiwa kukidhi masharti ya kumlinda abiria katika mgongano wa mbele, ngao isiuharibu ulinzi huo. Watengenezaji wakubwa wa kule wamejifunza kuweka vifungio vinavyokunjika kati ya ngao na chasisi. India ilichagua ukali: mwezi Desemba 2017 wizara ya barabara iliziandikia serikali za majimbo ziwachukulie hatua wanaofunga ngao, kwa kuwa sheria yao hairuhusu kubadilisha gari kinyume na lilivyosajiliwa.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, zote zinasimama juu ya msingi mmoja: gari lisiwe katika hali ya kuwahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kinachouzwa waziwazi gereji basi ni halali. Ngao iliyoziba taa, indiketa au kibati cha namba, au yenye ncha zilizochomoza, inakuweka mikononi mwa trafiki. Bima nayo ina neno lake. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli, na badiliko usilolitaja linaweza kuwa sababu ya dai lako kukataliwa siku unapolihitaji.

Kama kazi yako inadai ngao, chagua hivi. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli na mwaka wa gari lako, na mtengenezaji awe ameandika kwamba inaendana na mifuko ya hewa. Ile ya kuchomelewa kwa kipimo cha macho iache, hata kama bei yake ni theluthi. Umbo liinamie nyuma kufuata boneti, kingo ziwe za mviringo, na pasiwe na kishikio, ndoano wala taa iliyochomoza mbele ya ngao yenyewe. Fundi asikate wala kuchomelea ncha za chasisi, na asiondoe vipande vinavyokunjika ambavyo kiwanda kiliviweka hapo.

Fikiria pia uzito. Ngao na winchi pamoja vinaweza kukaribia kilo 100, na vyote vinaning'inia mbele ya ekseli. Springi na shokapu za mbele lazima ziendane na mzigo huo, la sivyo pua itashuka, breki zitabadilika na tairi zitalika vibaya. Baada ya kufunga, rekebisha taa upya na uhakikishe hewa inafika kwenye radieta.

Na kama gari lako hulala mjini, Mikocheni ya Dar es Salaam au Kilimani ya Nairobi, na pori hulikuta mara moja kwa mwaka, ushauri wangu ni mfupi: rudisha bampa la kiwandani. Mtaani huna nyati wala pundamilia wa kugonga. Una watoto wanaovuka kwenda shule, mama anayesukuma toroli la ndizi, kijana wa bodaboda. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, pamoja na wakaguzi wa magari wana wajibu wa kukifikisha kipimo cha ngao hadi kwa fundi wa mwisho mtaani, na wanahabari tuna wajibu wa kuwakumbusha. Lakini hakuna haja ya kusubiri mkaguzi. Boliti zinazoshika ngao ya mapambo hufunguka kwa spana ya kawaida, na kazi hiyo inaweza kufanyika Jumamosi hii.