Mary wa Kwanza na Swali la Mwanamke Kutawala Uingereza

Neno malkia katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo msomaji wa historia ya Uingereza hana budi kuzitenganisha tangu mwanzo: mke wa mfalme, ambaye cheo chake hutokana na ndoa, na mwanamke aliyerithi kiti cha enzi akatawala kwa haki yake mwenyewe. Wa aina ya kwanza ni wengi, kwani Henry wa Nane peke yake alioa wake sita. Wa aina ya pili hawajai vidole vya mikono miwili, na kwa karne nyingi hapakuwa na hata mmoja aliyevikwa taji.

Miongoni mwa vitabu vilivyoweka msingi wa kusimulia maisha ya wanawake hao ni kazi ya juzuu 12 iliyotoka kati ya 1840 na 1848, ambayo Agnes Strickland aliiandika pamoja na dada yake Elizabeth, ingawa Elizabeth hakutaka jina lake lichapwe. Ndugu hao walitafuta barua na hati za kale, wakaanza na Matilda wa Flanders, mke wa William Mshindi, wakaishia kwa Malkia Anne. Anayesoma maisha hayo kwa mfululizo, bila kumkimbilia Elizabeth wa Kwanza ambaye sifa zake zimeenea duniani, hugundua kuwa swali la kama mwanamke aweza kutawala Uingereza lilijibiwa kabla yake, na aliyelijibu ni dada yake kwa baba, Mary.

Jaribio la kwanza lilikuwa limeshindwa. Henry wa Kwanza alipofariki mwaka 1135, wakuu wa nchi waliokuwa wameapa kumtii binti yake Matilda walimkubali Stephen, binamu yake, na vita vikazuka. Mwaka 1141 majeshi ya Matilda yalimteka Stephen, naye akaingia London akisubiri kutawazwa, lakini wenyeji wakamfukuza kabla ya siku hiyo kufika. Tangu hapo wengi waliuona utawala wa mwanamke kuwa mlango wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mary, aliyezaliwa 1516, alikua chini ya kivuli hicho na cha aibu nyingine iliyomuumiza zaidi. Baba yake, Henry wa Nane, alibatilisha ndoa na mama yake, Catherine wa Aragon, hivyo binti akahesabiwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Na hata sheria ya urithi ilipomrudisha kwenye orodha ya warithi, alimfuata Edward, mdogo wake kwa miaka 21, kwa kuwa mtoto wa kiume alimtangulia dada yake, kanuni ambayo iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2013. Edward, aliyekuwa Mprotestanti, alifariki Julai 1553 akiwa na umri wa miaka 15, baada ya kumteua binamu yake Jane Grey ili taji lisimwangukie Mary, ambaye alishikilia Ukatoliki wa mama yake. Jane alitangazwa malkia mjini London, lakini Mary alikimbilia mashariki, akaweka kambi katika ngome ya Framlingham, na watu wa huko, wakubwa kwa wadogo, wakamiminika kumuunga mkono. Siku tisa baadaye Baraza la kifalme mjini London lilimgeuka Jane, na tarehe 1 Oktoba Mary akatawazwa, akiwa na umri wa miaka 37.

Ndipo ugumu wa kisheria ulipojitokeza. Sheria za nchi zilimtaja mfalme tu, na kwa desturi za wakati ule mali ya mke iliingia mikononi mwa mumewe, jambo lililoibua hofu kwamba malkia akiolewa, ufalme nao utakwenda na mahari. Bunge la 1554 lilipitisha sheria iliyotamka kuwa mamlaka ya taji ni yale yale, yawe mikononi mwa mwanamume au mwanamke. Nao mkataba wa ndoa yake na Philip wa Hispania ulimpa mume jina la mfalme bila kumpa mamlaka yenyewe, wala haki ya kurithi kama Mary angefariki bila mtoto.

Haya hayamsafishi. Kati ya 1555 na 1558 Waprotestanti wapatao 280 walichomwa moto wakiwa hai kwa ajili ya imani yao, wakiwemo mafundi na wanawake maskini, na hakuna mwandishi mwadilifu anayeweza kulipita jambo hilo haraka. Lakini kosa ni kuuacha moto huo ufunike kila kitu kingine, hali kitabu cha John Foxe kilichowaomboleza wafia dini hao kilitoka 1563, chini ya utawala mpya ambao ulifaidika na sura mbaya ya ule uliotangulia. Elizabeth alipopokea taji Novemba 1558, hakuhitaji kupigania haki ya mwanamke kulivaa, kwa sababu sheria ilikuwa tayari imeandikwa. Njia hiyo hiyo waliipita Anne, Victoria, na Elizabeth wa Pili, aliyerithi enzi Februari 1952 akiwa ziarani nchini Kenya.

Ndani ya kanisa la Westminster Abbey, Mary na Elizabeth wamezikwa katika kaburi moja ambalo James wa Kwanza aliamuru lijengwe. Maandishi ya Kilatini yanawataja dada wote wawili, lakini sanamu ya marumaru iliyolala juu ya kaburi hilo ni ya Elizabeth peke yake.